Kilo Zisizotangazwa

Katika wadi ya wanawake niliyofanyia mafunzo yangu ya uuguzi hapa Kisumu, kilo za mgonjwa zilitangazwa. Mizani ilikaa koridoni, karibu na meza ya wauguzi, na asubuhi za kupima uzani wagonjwa walijipanga mbele yake wakiwa na kandambili miguuni na leso mabegani. Muuguzi mmoja alisoma namba kwa sauti, mwenzake akaiandika. Aliyepanda kilo alipigiwa makofi na foleni nzima. Aliyeshuka aliambiwa ajikaze, na jirani yake wa kitanda akapewa kazi ya kumsimamia wakati wa chakula.

Tabia hiyo ilitoka kliniki ya watoto. Huko mtoto huning'inizwa kwenye mizani, kilo zake husomwa, na akiwa ameongezeka akina mama wote kwenye benchi hupiga vigelegele utadhani amepita mtihani. Karibu kila muuguzi wa kwetu amepitia kliniki hiyo, na alipohamishiwa wadi ya watu wazima alikuja na sauti yake ileile. Hakuna aliyeona ubaya. Asubuhi hizo watu walicheka, na wadi haina vicheko vingi.

Mimi mwenyewe ni mtu wa mwili. Nimezaliwa Dunga, mama yangu anauza samaki ufukweni, na sijawahi kuona sababu ya kuomba radhi kwa kuwa nilikula. Kwetu ukikutana na mtu mliyepoteana siku nyingi, baada ya habari unamwambia amenona, na yeye anatabasamu, kwa sababu maana yake ni kwamba maisha hayajamtesa. Mimi nikiambiwa hivyo, huwa nauliza kama nimeletewa samaki.

Nayasema haya mapema ili ieleweke kwa nini darasa zima lilicheka niliposoma mada ya utafiti wangu wa mwaka wa mwisho. Nilitaka kujua wauguzi wanawaonaje wagonjwa wenye maradhi ya ulaji, yaani wale wanaojinyima chakula mpaka mwili unakwisha, na wale wanaokula kisha wanajitapisha. Utafiti tuliufanya wawili wawili. Mwenzangu alikuwa kijana kutoka Sondu, mrefu, mpole, mwenye mwandiko mzuri na woga mwingi. Mhadhiri wetu alisoma mada, akavua miwani.

"Hii ugonjwa iko Kisumu kweli?" akauliza. "Si mchukue tu malaria mmalize mapema?"

Mwenzangu alikuwa tayari kuchukua malaria. Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Nikamwambia mhadhiri kwamba mgonjwa tunaye, amelala kitanda cha dirishani wadi ya wanawake, na wanaomhudumia hawajui wamchukulie vipi. Mhadhiri akatutazama, akasaini.

"Mkikwama msinililie," akasema.

Mgonjwa huyo alikuwa msichana wa chuo, mtoto wa Nyamasaria, ambako mama yake ana kibanda cha samaki wa kukaanga kando ya barabara ya Nairobi. Alianguka darasani akaletwa hospitali. Alipimwa mimba, kifua kikuu, virusi na vidonda vya tumbo, na vyote vikatoka safi. Kilichokuwa vibaya ni chumvi za damu, zile ambazo moyo unazitegemea ili upige sawasawa. Zilikuwa zimeshuka mno. Daktari wa akili alikuja, akakaa naye asubuhi nzima, kisha akaandika kwamba ni maradhi ya ulaji. Wadi iliipokea habari hiyo kama mzaha. Mama anakaanga samaki, mtoto anakataa samaki, iliwezekanaje?

Tulipata vibali vyote vinavyotakiwa, tukawagawia wauguzi maswali ya kujaza. Majibu yalirudi safi mno. Kila mmoja aliandika kwamba anawaheshimu wagonjwa wote sawasawa. Mwenzangu akafurahi, akataka tuanze kuandika ripoti. Nikamwambia hayo ni majibu ya watu wanaojua kwamba mhadhiri atayasoma. Tukaomba ruhusa ya kukaa na wauguzi saa ya chai na kuwauliza kwa mdomo, anayetaka aseme, asiyetaka anywe chai yake. Hapo ndipo maneno yalipotoka.

"Huyo ana maringo," mmoja alituambia huku akichovya andazi. "Anataka kuwa kama wale wembamba wa kwa simu."

"Mimi namhurumia," akasema mwingine, "lakini nikimwekea uji aangalie ukuta, mkono unaniwasha."

Wa mwisho kuongea alikuwa msimamizi wa wadi, ambaye wakubwa kwa wadogo tulimwita Sista tu. Mama mfupi, mwenye viatu visivyotoa sauti, kwa hiyo ulijua amefika pale tu alipokuwa tayari nyuma yako. Alimaliza chai yake kwanza, akamgeukia mwenzangu mwenye kalamu.

"Andika," akasema. "Mimi nililea wadogo wangu. Mama yetu alikufa mapema. Kulikuwa na siku ugali ni kidogo, nasema nimeshiba ndio wao wakule. Sasa huyu mtoto analetewa chakula mpaka kwa kitanda, na kila saa anasema, nimeshiba, Sista. Nikisikia hiyo neno nasikia hasira mpaka hapa. Mimi niliisema nikiwa na njaa. Dawa yake nampea kwa saa yake. Lakini msiandike ati nampenda."

Mwenzangu aliacha kuandika. Nilikuwa nimekuja kutafuta watu wanaomdharau mgonjwa, nikakuta watu wanaojiona wao ndio waliodharauliwa. Kila aliyempelekea sahani ikarudi kama ilivyokwenda alihisi amekataliwa yeye. Niliwaelewa kabisa, kwa sababu ningekuwa mimi, ningehisi hivyohivyo.

Wiki hiyo msichana alianza kula. Ilikuwa kidogo tu, nusu kikombe cha uji, yai, kipande cha ndizi, kwa sababu mwili uliokaa na njaa ukishindiliwa chakula kwa ghafla unaweza kudhurika. Daktari wa akili alikuja kuongea naye mara kwa mara, na tukaanza kuona anakaa kitandani badala ya kulala kutwa. Ikafika asubuhi ya kupima. Akaingia foleni pamoja na wengine, akapanda mizani, muuguzi akasoma namba. Ilikuwa imepanda. Muuguzi aliitangaza kwa furaha yake yote, na koridoni pakajaa vigelegele.

"Umenona, nyathina," mama wa kitanda cha jirani akamwambia, yaani mtoto wangu, akamshika shavu.

Nilikuwa nimesimama pale mezani na nilimwona usoni. Alitabasamu kwa adabu, akateremka, akarudi kitandani akajifunika shuka mpaka kichwani. Mchana hakula. Jioni hakula. Asubuhi iliyofuata alikutwa chooni akijitapisha chai, kitu pekee alichokuwa amekunywa.

Chumvi za damu zikashuka tena. Daktari alisema mbele yetu kwamba moyo ule hautavumilia hali hiyo kwa muda mrefu. Ikishindikana kumlisha pale itabidi apelekwe Nairobi, na hakuwa na hakika angestahimili safari. Mama yake aliposikia hivyo alisema binti yake hafii barabarani, afadhali amrudishe nyumbani aombewe. Niliiona kichwani safari hiyo ya nyumbani mpaka mwisho wake. Niliwaona majirani wote wa Nyamasaria wakija kumpokea, kila mmoja na shavu lake la kushika na neno lake la kusema kuhusu mwili wake. Niliogopa sana, na mimi nikiogopa huwa nakasirika.

Nikavuta kiti mpaka kitanda cha dirishani. Nikamuuliza bila kuzunguka kama wale waliompigia vigelegele walimkosea.

"Hawajanikosea, daktari," akasema. Aliwaita wanafunzi wote daktari. "Ni watu wazuri. Shida ni mimi. Wakisema nimenona, nasikia ni kama wananipigia kelele ya mwizi. Nataka tu kukimbia."

Akanitazama mwili wote, bila kuficha kwamba anatazama.

"Wewe wakikuambia hukasiriki?"

"Nawauliza samaki iko wapi."

Mdomo wake ulitaka kucheka ukashindwa. "Mimi siwezi," akasema. "Na najua nitakufa, usidhani sijui. Lakini wakishaita hiyo namba, sisikii kitu ingine. Nakaa nayo kwa kichwa siku mzima."

"Na kama hungeijua?"

Alichezea uzi wa shuka. "Kama siijui," akasema hatimaye, "na hakuna mtu anasimama hapo ananiangalia mdomo, ningejaribu."

Nikamwomba ruhusa nimwambie Sista maneno hayo, akanipa. Mwenzangu alinishika mkono wa koti pale mlangoni mwa ofisi, akanikumbusha kwamba Sista ndiye angetusainia saa zetu za mafunzo na kwamba bila hizo hatuhitimu. Nilijua. Nikaingia, na yeye akaingia nyuma yangu, nafikiri kwa sababu aliogopa zaidi kubaki peke yake.

"Sista," nikasema, "naomba yule msichana asipimwe koridoni. Apimwe ndani, aipe mizani mgongo, na namba isisomwe. Na asiambiwe amenona, hata kwa mapenzi."

"Nani amesema?"

"Mimi."

"Wewe uko mwaka gani?"

"Wa mwisho, Sista."

"Wa mwisho." Alilirudia neno hilo taratibu. "Mimi nimepima watu hapa miaka ngapi, na hakuna mtu amewahi kufa juu ya kupongezwa."

"Huyu anaweza."

Mwenzangu alianza kusoma ratiba ya chanjo iliyobandikwa ukutani. Sista alikuwa amesimama, na mtu mfupi akisimama mbele yako akiwa na hasira haonekani mfupi tena. Nilijua nimeshafika mbali na hakuna kurudi.

"Sista, ulituambia ulikuwa unasema umeshiba. Kuna mtu alijua kwamba unadanganya?"

"Hakuna."

"Kama mtu angesema kwa sauti kwamba hujashiba, pale kwa chakula, watu wote wasikie. Ungefanya nini?"

Alitazama mikono yake, kisha dirisha.

"Ningetoka nje nikimbie," akasema.

"Yeye pia amesema hivyo. Amesema kukimbia."

Nje mtu alikuwa anasukuma toroli la chakula, magurudumu yake yanalia. Sista akavuta kiti chake, akakaa, akafungua faili ambalo halikumhusu mtu yeyote katika maongezi yale.

"Tokeni kwa ofisi yangu," akasema.

Tulitoka. Mwenzangu alisema kwa sauti ya msibani kwamba sasa tumekwisha. Nilimwambia angoje. Sijui nilitoa wapi ujasiri huo, lakini ulikuwepo, na wala sikujilazimisha. Nilikuwa nimeona uso wa Sista alipotazama mikono yake.

Asubuhi ya kupima ilipofika tena, mizani haikuwepo koridoni. Ilikuwa imeingizwa chumba cha kufungia vidonda, nyuma ya pazia. Foleni ikanung'unika, ikataka kujua mambo gani haya ya kujificha, na Sista akawaambia kuanzia leo ni mmoja mmoja, mlango ukifungwa. Zamu ya msichana ilipofika alimwingiza mwenyewe. Mimi nilishika faili. Alimgeuza uso ukutani, akainama akasoma, akaandika, akampa mkono ateremke.

"Umelala vizuri?" akamuuliza.

"Nimelala, Sista."

"Sawa. Nenda ukunywe chai."

Hapo ndipo kazi ilipoanza hasa. Sista aliwakusanya wauguzi akawaambia kwamba mtoto yule asiambiwe amenona, asiambiwe amekonda, asiambiwe anapendeza. Wamsalimie kama mtu. Wauguzi wakajikuta hawana salamu. Yule wa andazi, ambaye hakuwahi kukosa la kusema maishani mwake, nilimwona amesimama mbele ya kitanda na trei mkononi, anatafuta neno. "Leo," akasema mwishowe, "leo kuna jua." Msichana akakubali kwamba kuna jua. Siku nyingine walimpa habari za mpira, za foleni ya maji, za paka aliyezalia stoo. Nilicheka mpaka nikaumwa mbavu, lakini nilijivunia sana wadi yangu.

Sista alikomesha pia ile desturi ya kumsimamia mtu kitandani mpaka amalize sahani. Mmoja wetu alikaa naye na kikombe chake cha chai, akinywa na kuongea mambo yake, macho yakiwa kwingine. Msichana akimaliza kula, aliyekaa naye alibaki kitambo wakipiga soga, maana saa baada ya chakula ndiyo iliyomwelekeza chooni. Kuhusu kwenda nyumbani, Sista alimketisha yule mama wa Nyamasaria ofisini, wakaongea Kijaluo mlango ukiwa umefungwa, na mama akatoka akasema atangoja kwanza.

Haikwenda moja kwa moja. Siku moja uji ulikutwa umemwagwa kwenye sinki, na Sista mwenyewe ndiye aliyeukuta. Alifungua bomba, akasafisha sinki, akaenda jikoni, akarudi na kikombe kingine. Alikiweka juu ya kabati la kitanda, akakaa, akaanza kulalamika kuhusu magoti yake. Kikombe kile kilichukua muda mrefu sana. Kilipobaki nusu, akasimama akaendelea na kazi zake.

Ripoti yetu tuliisoma mbele ya wahadhiri msichana akiwa bado wadini. Mwenzangu aliyasoma matokeo kwa sauti iliyotetemeka mwanzoni kisha ikakaa sawa. Tulisema kwamba wauguzi wetu hawakuwa na roho mbaya. Walikuwa wameumizwa na sahani zinazorudi, na dawa waliyoijua, ya kusifu kilo, ndiyo iliyomdhuru mgonjwa huyu. Mhadhiri wetu wa malaria akauliza sisi tunapendekeza nini.

"Kwanza tunyamaze," nikasema.

Wakacheka, lakini aliandika. Alituuliza maswali mengi zaidi baada ya hapo, na nikayajibu yote.

Siku ya kuruhusiwa ilikuja. Hakuwa amepona kabisa, na hatukumdanganya mtu. Alipewa siku za kliniki, na daktari wa akili angeendelea naye. Lakini chumvi za damu zilikuwa zimetulia, moyo wake ulikuwa unapiga vizuri, na alitoka nyuma ya pazia akiwa amevaa gauni lake mwenyewe. Mama yake alikuwa ameingia na kikapu cha chakula. Alisimama mlangoni akamtazama bintiye, na nikaliona neno linakuja. Mdomo ulikuwa umeshafunguka.

"Mama," Sista akamwahi, "barabara ilikuwa aje?"

"Ilikuwa mzuri, Sista." Alilimeza neno lake kwa shida. Akaweka kikapu chini, akanyoosha leso, akashindwa kujizuia. "Na kilo, Sista? Amepanda ngapi?"

Mkono wa msichana ulisimama kwenye zipu ya begi. Yule wa andazi aliinua macho juu darini. Sista, mwanamke aliyeanza kusoma mizani ile kabla mimi sijazaliwa, na ambaye hakukubali katika maisha yake yote kwamba kuna kitu wadini asichokijua, akamtazama yule mama usoni.

"Mama," akasema, "hiyo mizani mimi sijui kuisoma."

Msichana akageuka. "Sista, wewe?"

"Mimi. Macho yangu ni mbaya."

Msichana akacheka. Kilikuwa kicheko cha kawaida cha msichana wa chuo, chenye sauti, na sikuwahi kukisikia kabla ya siku hiyo. Mama yake alimtazama, akamtazama Sista, na nadhani hapo ndipo alipoelewa, kwa sababu hakuuliza tena.

"Hiyo samaki umeleta ni ya kuangaliwa?" Sista akamuuliza.

Akavuta kimeza cha kitanda, akafungua kikapu mwenyewe. Kulikuwa na samaki wa kukaanga aliyetiwa nyanya, na ugali bado wa moto. Sista hakuwahi kula chakula cha mgonjwa. Alikuwa amefukuza wanafunzi kwa kosa hilo. Siku hiyo alinawa mikono, akamega tonge, akamwambia mama akae ale. Kisha akaniona nimesimama.

"Na wewe mwenye mwili, kuja. Kwani unangoja barua?"

Nikanawa nikakaa. Tukala watatu kutoka sahani moja, tukaongea kuhusu mashimo ya barabara pale Nyamasaria, na kuhusu mafuta gani hayafanyi samaki ashike kwenye karai. Msichana aliketi ukingoni mwa kitanda. Mimi niliangalia dirisha. Sista aliangalia saa yake. Kisha nikasikia mwiba wa samaki ukiwekwa ukingoni mwa sahani, upande wa msichana, ambako hakuna kati yetu watatu aliyekuwa anakula. Mama yake alikuwa anamega ugali huku machozi yanamtiririka, na hakugeuza kichwa.